Waambieni mapema: vijana, watoto na SIDA hapa Goma

Kila mwaka tarehe 1 Desemba, Siku ya SIDA Duniani, ikikaribia, simu yangu haitulii. Mwalimu wa sekondari kule Ndosho, hapa hapa Goma mashariki mwa Kongo, kiongozi wa vijana wa parokia, mama wa kikundi cha akiba cha Majengo, kila mmoja ananialika nije niongee na vijana wake juu ya SIDA, yaani UKIMWI. Na karibu wote wanamalizia kwa ombi moja: "Mama, uwatishe kidogo."

Siwatishi. Vijana wa Goma wametishwa na vitu vikubwa kuliko mimi. Waliokuwa wachanga Januari 2002 walibebwa mgongoni huku lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ikipita katikati ya mji. Wadogo zao walikimbia mlima huo huo Mei 2021. Na wote walisikia risasi za mwisho wa Januari 2025. Mtu aliyepita hapo haogopeshwi na picha ya mgonjwa aliyekonda. Na hata akiogopa, woga huo haumfanyi atumie kapoti, yaani kondomu, unamzuia tu kwenda kupima. Nawajua waliokaa miaka na shaka moyoni kwa sababu mtu mzima fulani aliwaambia kwamba kipimo kikitoka vibaya, maisha yameisha.

Mimi ni muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na katika mtaa wetu ni mhamasishaji wa afya wa kujitolea. Nyumbani ni mama mdogo wa kijana aliyezaliwa na virusi vya SIDA, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemchukua angali ananyonya. Watu hutenganisha mambo haya: huku kampeni ya kuwakinga vijana, kule huruma kwa yatima. Kwangu ni kazi moja. Mtoto anayenyweshwa dawa kila jioni bila kuambiwa ni za nini, ndiye huyo huyo atakayefika miaka 15, achoke nazo, azitupe chooni, kisha apate mchumba. Na kijana ambaye kwao neno SIDA halitamkwi hatakuja kwenu mbio siku kapoti ikipasuka.

Nikialikwa, nagawa vikaratasi. Kila mmoja aandike swali bila jina, akikunje, akitie kwenye ndoo. Mwalimu namwomba atoke nje, na hapo ndipo mkutano unapoanza.

Maswali ya mbu, ya kubusu na ya kula sahani moja nayajibu haraka: hapana, hapana, hapana. La kutahiriwa linahitaji muda, kwa sababu huku kwetu wavulana karibu wote wametahiriwa na wengi wanadhani wamekwisha kingwa. Kutahiriwa kunampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Asilimia 60 si 100, na msichana aliye naye haimkingi moja kwa moja. Kuna anayeuliza kama kapoti mbili ni bora kuliko moja. Hapana, zinasuguana na kupasuka. Mwingine anauliza juu ya kupaka vazilini, na kijana mmoja alinikaribia baadaye kuniuliza kwa sauti ya chini kama mafuta ya mawese yanafaa. Mafuta yoyote yanaharibu mpira wa kapoti. Yafaayo ni yale ya maji yanayouzwa famasi, na kama hayapo, afadhali bila kitu. Kwa vijana wa moto, wanaoendesha pikipiki, nina neno la pekee: kapoti unayoikalia mchana kutwa kwenye mfuko wa nyuma, jua linawaka, usiitegemee usiku.

"Nimelala naye jana, nipime leo?" Pima leo, lakini majibu ya leo yanaongelea zamani. Kipimo cha haraka cha vituoni kinatafuta askari ambao mwili unatengeneza dhidi ya virusi, na askari hao wanaweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana. Rudia baada ya miezi mitatu, na katikati hapo jikinge. "Mwili wake ni mzuri, amenenepa." Virusi vinaweza kukaa miaka mingi bila dalili hata moja. Kunenepa hakupimi damu.

Halafu kuna kikaratasi ambacho sikosi kukipata, mwandiko wa msichana, mara nyingine kimefutwa futwa: kuna papa mmoja, mwanamume mzima, anamlipia minervali, yaani ada ya shule, hataki kapoti, afanyeje. Hapa ndipo wahubiri wengi wanapopotea. Wanamwambia amwache yule papa, wakati yule papa ndiye amebeba mwaka mzima wa masomo. Afrika kusini mwa Sahara, wasichana wa miaka 15 hadi 24 wanaambukizwa zaidi kuliko wavulana wa rika lao, na wanaume waliowazidi umri ni sababu kubwa. Msichana huyo namwambia ukweli wote. Kwamba aliye chini ya miaka 18, kwa sheria ya Kongo ya Julai 2006, hahesabiwi kuwa amekubali, ule ni ubakaji hata kama kuna bahasha. Kwamba kuna kapoti ya kike anayoweza kuivaa mwenyewe. Kwamba kuna kidonge cha kinga kinachonywewa kila siku na asiye na virusi, aulize kituoni kama kipo. Na jioni namtafuta mama wa kikundi cha akiba, kwa sababu minervali ya mtoto mmoja ikigawanywa kwa wanawake ishirini si kitu cha kumuuzia mtoto. Wazazi, mkiona simu mpya mkononi mwa binti, ulizeni imetoka wapi. Kofi lisitangulie swali, maana baada ya kofi hutapata jibu.

Kuna jambo moja ambalo, ningeruhusiwa, ningeliandika kwenye kuta zote za mtaa wa Birere: saa 72.

Mtu aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kapoti akiwa na mtu asiyemjua hali yake, anaweza kupewa dawa zinazozuia virusi visishike mwilini. Ni ARV, dawa zile zile wanazonywa wenye virusi, zinanywewa kila siku kwa siku 28. Lakini lazima aanze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Ijumaa saa mbili usiku mpaka Jumatatu saa mbili usiku, basi.

Adui wa saa hizo, kwa nilivyoona, ni kikao cha familia. Msichana ameumizwa Ijumaa. Baba anaita wajomba. Wajomba wanataka kwanza kusikia upande wa pili. Upande wa pili unakuja Jumapili baada ya misa, zinatajwa mbuzi, zinatajwa dola, hata ndoa inatajwa. Jumanne mama anamleta binti kituoni amejifunika kitenge, na muuguzi anahesabu saa kwa vidole na kunyamaza. Tafadhali, hospitali kwanza, kikao kitangoja. Goma kuna hospitali ya HEAL Africa, Bukavu kuna hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, na kituo cha afya kilicho karibu kitakuhudumia au kukuelekeza. Kama anaweza kuvumilia asioge, na nguo alizovaa zibebwe. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina muda wake, siku 5, lakini mapema ni bora. Na wavulana pia wanabakwa. Wanachelewa zaidi kuliko dada zao kwa sababu hakuna anayewauliza.

Kuhusu wajawazito sitarefusha, wauguzi wa kliniki za mimba wanalisema vizuri kuliko mimi. Mama mwenye virusi asipopata msaada wowote, mtoto ana hatari ya kati ya asilimia 15 na 45. Akinywa dawa vizuri, hatari inashuka chini ya asilimia 5. Mtoto apimwe akiwa na wiki 4 hadi 6 kwa tone la damu linalokaushwa kwenye karatasi, maana kipimo cha haraka cha watu wazima kinaweza kumdanganya mpaka afikishe miezi 18, kwa kuwa bado amebeba askari wa mama yake. Anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi sita, mama akiendelea na dawa. Mabibi, maji ya sukari na uji wa mapema muviache, hata kama sisi wote tulikua navyo.

Sasa nije kwa mtoto aliye nyumbani, maana hapa ndipo barua nyingi zinaponifikia.

Dawa za mtoto wetu zilikuwa ugomvi wa kila jioni. Zamani zile sirupu moja iliyotolewa sana kwa watoto, ya lopinavir na ritonavir, ilikuwa na pombe zaidi ya asilimia 40 ndani yake na uchungu usiotoka ulimini. Alitema, alilia, alificha uso kwenye godoro. Leo mambo yamebadilika. Tangu 2020 kuna dolutegravir ya watoto, kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji na chenye ladha ya stroberi, kinafaa hata mtoto wa wiki 4 akiwa na kilo 3. Binti mdogo wa jirani yangu huidai mwenyewe. Mtoto wako akiwa bado kwenye dawa za zamani, muulize daktari sababu.

Lakini uchungu wa dawa ulikuwa nusu tu ya kazi, nusu ya pili ni swali la "kwa nini mimi peke yangu?" Nyumba nyingi zinajibu kwa uongo: ni vitamini, ni ya moyo, ni ya pumu. Uongo huo unafaa mpaka mtoto ajue kusoma. Anasoma jina kwenye chupa, anaandika jina hilo kwenye simu ya mwenzake, na kwa dakika moja anajua vitu viwili: kwamba ana virusi, na kwamba ninyi mlimdanganya. Cha pili ndicho kinachomfanya aache dawa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aambiwe akiwa wa umri wa shule, kati ya miaka 6 na 12, kidogo kidogo kwa kadiri anavyoelewa. Nami nilienda hivyo. Alipokuwa na miaka 7 nilimwambia kuna wezi waliolala ndani ya damu yake, na dawa ni walinzi wa usiku, mlinzi mmoja akikosa zamu wezi wanaamka. Alielewa haraka mno. Mtoto wa Goma anajua mlinzi ni nini. Alipokuwa na miaka 11 tukaenda wote wawili kwa muuguzi aliyemzoea, na hapo jina likatajwa.

Swali lake la kwanza lilikuwa la mama yake: "Alijua?" Nilimjibu kwamba wakati wa mimba hakuna aliyempima, na kwamba alimpa uhai na virusi pamoja, ila kimoja tu ndicho alichotaka kumpa. Jiandaeni kwa swali hilo kuliko yote. Msimtukane marehemu, hata kama mna hasira naye au na mume wake. Kisha akaniuliza: "Na wewe, Mama Mdogo, unavyo?" Nikasema nimepima, sina. Akashangaa. Kumbe muda wote huo alifikiri kila mtu nyumbani ana dawa yake, ila sisi wakubwa tunajua kuzificha. Halafu akauliza kama mwenye virusi anaweza kuendesha moto, yaani pikipiki. Anaweza.

Msimwambie siku mliyogombana, wala mbele ya wageni, wala siku ya kuzikwa mtu. Mwambieni mapema wiki, ili awe na siku za kuuliza tena, maana maswali mazuri huja siku ya tatu mkiosha vyombo. Na mpeni mtu mmoja zaidi ya ninyi wa kuzungumza naye. Wetu alipata kundi la watoto wenye hali kama yake pale kituoni, wanacheza mpira zaidi kuliko wanavyoongea juu ya virusi, na nadhani ndiyo sababu linawafaa.

Nani mwingine ajue? Hao atawachagua mwenyewe. Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wanaoishi na virusi na inakataza kuwabagua, shuleni na kazini pia. Hulazimiki kumwambia mwalimu. Akikosa masomo kwa sababu ya kliniki, omba kituo karatasi inayosema tu kwamba alikuwa kwa daktari. Na ndani ya nyumba, ile desturi ya kikombe chenye alama na sahani ya pembeni iishe leo. Virusi havipiti kwenye fufu.

Kuna nyumba ambako ubaya unakwenda mbali zaidi. Baba amekufa, mama amekufa, mtoto anakohoa kila mara, na mtu anaanza kunong'ona kwamba ni yeye aliyewala. Sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Semeni hivyo kwa sauti, kwa balozi, kwa mchungaji. Na kwa vyumba vya maombi vinavyowafungisha watoto na kuwaambia waache dawa kwa kuwa wamepona: mimi naomba kila asubuhi, na kila jioni nahakikisha dawa imenywewa.

Tusiwasahau ndugu zao wasio na virusi. Dada mkubwa wa kijana wetu, mwenye damu safi, ndiye aliyechota maji ya ziwani kwa bidoni (madumu) wakati mama yake yuko kitandani, ndiye aliyemsafisha, na hakuna shirika lililomwandika kwenye orodha, kwa sababu kipimo chake kilikuwa kizuri. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipiwa, na hapo ndipo wasichana kama yeye wanapodondoka na kukutana na yule papa wa minervali. Ukisaidia nyumba yenye SIDA, hesabu watoto wote. Karatasi za parseli, yaani za kiwanja, nazo zitafutwe mzazi angali hai, kabla baba wadogo hawajaanza kupima kiwanja.

Huku kwetu hakuna ushauri wa dawa usiogusa kukimbia. Tarehe 27 Mei 2021 tulipoamriwa kutoka mjini, barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro na matshukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Mimi nilikuwa nageuza sanduku nikitafuta makaratasi. Kijana wetu, ana miaka 13, alikuwa tayari mlangoni, dawa zake na fishi yake, kadi ya kliniki, ndani ya mfuko wa plastiki chini ya shati. Hakuna aliyemkumbusha. Mtoto anayejua ni dawa ya nini hawezi kuiacha.

Basi: fishi ipigwe picha, ibaki kwenye simu ya watu wawili. Chupa tupu msiitupe, popote mtakapofika muuguzi atasoma jina la dawa. Ombeni dawa za miezi mitatu au zaidi kila zikipatikana, na hilo limekuwa muhimu zaidi tangu Januari 2025, fedha za misaada za Marekani ziliposimamishwa wakati ule ule vita vilipoingia mjini. Zikipungua, msiruke siku ili zifike mbali, na msigawane na jirani. Dawa inayonywewa nusunusu inawafundisha virusi kuizoea. Nendeni kituo chochote kilicho wazi, hata kama si chenu. Na kama zimekatika wiki kadhaa, rudini bila aibu. Muuguzi akifoka, mwacheni afoke, mradi amewapa.

Kijana wetu sasa anakaribia miaka 18, na mwaka huu amekuja na swali jipya. Kuna msichana. Anataka kujua atamwambia lini.

Nilimpeleka kwa muuguzi, kwa sababu mambo mengine mama mdogo hayasemi vizuri. Kipimo chake cha wingi wa virusi kimekuwa kikionyesha kwamba havionekani kwenye damu, na mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea kunywa dawa, haambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Utafiti uliofuata maelfu ya wapenzi kwa miaka haukupata aliyeambukizwa hivyo. Alikaa kimya, kisha akauliza kama basi kapoti haina kazi tena. Ina kazi: kuna mimba, kuna kisonono, kuna kaswende. Na amwambie msichana kabla, si baada, mahali anapoweza kuondoka akitaka. Kama anaogopa kwamba atatangaza mtaani, basi bado hajamjua vya kutosha kulala naye.

Hajamwambia bado. Amesema atangoja majibu ya kipimo kijacho, ayashike mkononi. Safari hii anataka kwenda kituoni peke yake, nami nimekubali, ingawa nimempigia muuguzi simu nikamwomba asimfokee akichelewa.